Harufu ngeni kutoka tanuru la kupasha joto nyumba: maana yake na hatua za kuchukua

Familia nyingi za Kikongo na Kirundi zilizohamishiwa Marekani na Kanada kutoka kambi za Nyarugusu, Kakuma na Kyangwali hukutana huko na chombo ambacho hazikuwahi kuishi nacho: tanuru la kupasha joto nyumba. Kwa kawaida tanuru hilo huwekwa katika chumba cha chini ya ardhi au katika kijichumba kilichofungwa mlango. Huchoma gesi au mafuta, au hutumia umeme, kisha feni huisukuma hewa ya moto kupitia mabomba mapana hadi vyumbani. Kwa kuwa hewa hiyo huenea nyumba nzima, harufu yoyote iliyoanzia kwenye tanuru huenea nayo. Baadhi ya harufu hizo hazina madhara. Nyingine zamtaka mkazi atoke nje mara moja.

Harufu ya vumbi linaloungua

Tanuru linapowashwa kwa mara ya kwanza baada ya miezi ya kiangazi, vumbi lililotua juu ya sehemu zake za moto huungua. Harufu hiyo hutoweka baada ya saa chache. Ikiendelea zaidi ya siku moja, yafaa chujio la hewa likaguliwe. Chujio lililoziba huzuia hewa kupita, nalo tanuru hupata joto kupita kiasi. Mafundi hushauri kulikagua kila mwezi wakati wa baridi, na aina nyingi za machujio hubadilishwa baada ya mwezi mmoja hadi mitatu.

Harufu ya yai viza

Hii ndiyo harufu isiyopaswa kupuuzwa kamwe. Gesi asilia yenyewe haina harufu. Tarehe 18 Machi 1937, gesi iliyovuja bila kutambuliwa ililipuka katika shule moja ya mji wa New London, jimbo la Texas, na kuwaua wanafunzi na walimu wanaokaribia 300. Baada ya msiba huo, sheria ilitaka gesi itiwe kemikali yenye harufu kali ili mtu wa kawaida aweze kutambua inapovuja.

Anayeinusa harufu hiyo asiwashe wala kuzima taa, asiwashe kiberiti, wala asipige simu akiwa ndani, kwa kuwa cheche ndogo yatosha kuleta mlipuko. Awatoe watu wote, aende mbali na nyumba, ndipo apige simu namba 911 au kampuni ya gesi. Mtu asirudi ndani, hata kuchukua nguo au hati, mpaka wahusika watakaposema nyumba ni salama.

Kutojua Kiingereza kusimzuie mtu kupiga simu. Vituo vingi vya dharura huwa na wakalimani kwa njia ya simu. Mpigaji ataje neno "Swahili" na asikate simu hadi mkalimani apatikane.

Harufu ya plastiki au waya unaoungua

Harufu hii huashiria mota iliyopata joto kupita kiasi au nyaya za umeme zilizoharibika. Tanuru lizimwe kwenye kidhibiti joto, kisha umeme wake ukatwe kwenye swichi yake, na fundi mwenye leseni aitwe. Moshi ukionekana, watu watoke na kupiga 911.

Harufu ya mafuta

Katika majimbo ya kaskazini mashariki mwa Marekani, kama vile Maine ambako wamo Wakongo na Warundi wengi, nyumba nyingi hupashwa joto kwa mafuta. Harufu kidogo baada ya tangi kujazwa huisha kwa siku moja hivi. Ikidumu, huenda mafuta yanavuja au hayaungui sawasawa, na hilo ni kazi ya fundi.

Harufu ya ukungu, mzoga au maji machafu

Harufu ya ukungu hutokana na unyevu ndani ya mabomba au kwenye chujio. Harufu ya mzoga huenda ni ya panya aliyefia ndani ya bomba. Nayo harufu ya maji machafu mara nyingi hutoka kwenye mfereji wa sakafuni uliokauka. Kuumwagia maji huiondoa. Hata hivyo, asiyeweza kuitofautisha na harufu ya yai viza aichukulie kuwa ni gesi.

Hatari isiyo na harufu

Kaboni monoksaidi, sumu inayotokea moto usipoungua vizuri, haina harufu, rangi wala ladha. Huizuia damu kubeba oksijeni. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu, na watu kadhaa wa nyumba moja wanaweza kuugua pamoja, kisha wakapata nafuu wanapotoka nje. Aliyelala anaweza kufa bila kuamka. Kwa hiyo kengele ya kugundua gesi hiyo yahitajika katika kila ghorofa na karibu na vyumba vya kulala. Ikilia, watu watoke nje, ndipo wapige 911.

Theluji iondolewe kwenye matundu ya kutolea moshi yaliyo ukutani nje. Jiko la mkaa, ambalo wengi walilizoea nyumbani kwa kupikia uani, lisiingizwe ndani kamwe, hata tanuru likiwa limeharibika usiku wa baridi kali. Jiko la gesi la kupikia nalo lisitumiwe kupasha chumba joto.

Wajibu wa mwenye nyumba

Katika majimbo mengi ya Marekani, sheria humtaka mwenye nyumba ya kupanga ahakikishe kwamba chombo cha joto kinafanya kazi kwa usalama. Mpangaji amwarifu kwa maandishi, akitaja tarehe na aina ya harufu, na abaki na nakala. Wapangaji wengine hunyamaza wakiogopa kufukuzwa. Lakini usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa kilicho hatarini ni uhai wa waliolala.