Neno 'manjano' linavyoficha maradhi mawili kwa watoto wachanga

MWANAFUNZI wangu wa uzamili anayetafiti tafsiri za fomu za hospitali aliniuliza hivi majuzi: "Prof, 'biopsi' tuiite nini kwa Kiswahili?" Fomu yenyewe ilihusu mtoto wa wiki saba ambaye macho na ngozi yake vilikuwa bado vya manjano. Madaktari walitaka idhini ya mzazi wachukue kipande kidogo cha ini lake kwa sindano.

Nilimjibu kwamba biopsi halina matata. Mzazi akielezwa kuwa ni kutoa kipande cha nyama ya mwili ili kikachunguzwe kwa hadubini, ataelewa. Neno lenye matata katika fomu ile ni lile tunalodhani tunalijua: manjano.

Manjano ni kiungo cha jikoni, ni rangi, na ni maradhi. Tena wengi wetu husema "homa ya manjano" tukimaanisha mtoto mwenye macho ya manjano, ilhali homa ya manjano ni ugonjwa mwingine kabisa, unaoenezwa na mbu. Hata tukimwacha mbu kando, neno hili bado linafunika mambo mawili yasiyofanana.

Chembe nyekundu za damu zikivunjika hutoa bilirubini, ambayo ndiyo yenye rangi ile. Kwa watoto wachanga wengi, ini bado ni changa na haliwahi kuichakata yote, hivyo ngozi hugeuka rangi kwa wiki moja au mbili kisha hali hutulia yenyewe. Kwa wachache, ini limeshafanya kazi yake, lakini mirija ya nyongo imeziba na nyongo haina pa kutokea. Mnamo 1958, Cremer na wenzake huko Rochford, Uingereza, walionyesha kwamba mwanga hupunguza bilirubini ya aina ile ya kwanza. Aina ya pili haisikii jua wala taa. Kwa hiyo, ukimwambia mama "ni manjano tu, mwanike juani," umemtibu mtoto mmoja na kumpotezea mwingine muda.

Historia ya kuzibaini hali hizi inafundisha jinsi neno linavyoweza kufungua au kufunga njia. Mwanzoni mwa miaka ya 1890, John Thomson wa Edinburgh alikusanya taarifa za watoto waliokufa kwa kuziba kwa mirija ya nyongo. Mwaka 1916, Mmarekani James Holmes aliwagawa wagonjwa hao makundi mawili: wanaorekebishika na wasiorekebishika. Wengi waliangukia kundi la pili. Naam, mtoto akishapachikwa jina hilo, ni daktari gani atakayejisumbua?

Ugumu mwingine ulijitokeza. Mwaka 1952, Craig na Landing wa Boston walieleza aina ya homa ya ini ya watoto wachanga ambayo kwa nje hufanana na mirija iliyoziba. Mtoto wa homa ya ini hahitaji kupasuliwa. Mwenye mirija iliyoziba anahitaji. Ungewatofautishaje bila kufungua tumbo? Madaktari wengi walishauri kungoja, wakihofia kumpasua asiyestahili. Sasa, aliyestahili naye akawa anangoja huku ini lake likigeuka makovu.

Hapa ndipo sindano ilipokuja kufaa. Kuchoma ini kwa sindano hakukuwa jambo geni. Paul Ehrlich alilifanya Ujerumani mwaka 1883. Mwaka 1939, Iversen na Roholm wa Copenhagen walilitumia kuchunguza maradhi ya ini. Kisha mwaka 1958 Mwitaliano Giorgio Menghini akaeleza mbinu ambayo sindano hukaa ndani ya ini kwa takriban sekunde moja tu. Mnamo 1969, Brough na Bernstein walichapisha nchini Marekani utafiti kuhusu biopsi hii kwa watoto wachanga wenye manjano ya kuziba.

Hadubini huonyesha nini? Mirija ikiwa imeziba, vijirija vidogo huongezeka kupita kiasi, huwa na vizibo vya nyongo, na makovu huanza kusambaa. Katika homa ya ini, aghalabu huonekana chembe kubwa zenye viini vingi. Si kipimo kisichokosea. Kikifanywa mapema mno, dalili huenda zisiwe zimekomaa, na hulazimu kurudiwa. Damu nayo hupimwa kwanza kama inaganda sawasawa.

Na lile neno la Holmes je? Mwaka 1955, huko Sendai, Japani, Morio Kasai alimfanyia upasuaji mtoto wa kundi lile la "wasiorekebishika", akaunganisha utumbo moja kwa moja na mlango wa ini, na nyongo ikapita. Alichapisha kwa Kijapani mwaka 1959, na mada yake ilitangaza upasuaji mpya wa ugonjwa "usiorekebishika". Makala ya Kiingereza ilitoka 1968. Ilichukua miaka tisa maarifa hayo kufika kwenye Kiingereza!

Upasuaji wa Kasai hufaulu zaidi ukifanywa kabla ya siku 60. Hapa Kenya mtoto hupelekwa kliniki kuchanjwa akiwa na wiki sita, yaani siku 42. Chanjo inayofuata ni ya wiki kumi, siku 70. Umeona hesabu hiyo? Ile ziara ya wiki sita ndiyo nafasi ya kuuliza: choo cha mtoto kina rangi gani? Kikiwa cheupe kama chokaa, na mkojo umekolea kama chai ya rangi, basi hiyo ni nyongo iliyokosa njia. Taiwan huwapa wazazi kadi ya rangi za choo, na tangu 2004 kadi hiyo inatumika nchi nzima.

Napendekeza tutenganishe maneno. "Manjano ya uzawa" yawe yale yanayopita yenyewe. "Manjano ya nyongo" yawe yale yanayozidi wiki mbili pamoja na choo cheupe. "Homa ya manjano" tumwachie mbu. Mama akiambiwa "manjano ya nyongo", hatamwanika mtoto juani na kusubiri. Atauliza hospitali iko wapi.