Ubishi Wetu wa Superman II

Mimi na kaka yangu tulibishana miaka mingi juu ya mkanda wa Superman II. Yeye alishikilia kwamba Gene Hackman, aliyecheza adui, ndiye aliyeibeba filamu. Mimi nilimsifu mwongozaji, Richard Lester, kwani jina lake ndilo lililoandikwa. Kumbe Richard Donner alikwisha kupiga sehemu kubwa ya filamu hiyo kuanzia mwaka 1977, pamoja na ile ya kwanza. Akakosana na watayarishaji, wakamwondoa mwaka 1979. Hackman hakurudi, kila uso wake unapoonekana, hiyo ni kazi ya Donner. Picha za Marlon Brando, mshindi wa Oscar mbili, zikatupwa nje kwa ugomvi wa fedha. Margot Kidder, aliyecheza Lois Lane, aliwalaumu watayarishaji waziwazi. Katika filamu ya tatu, ya 1983, aliambulia dakika chache tu. (Wao walikana kwamba ilikuwa adhabu.) Wapenzi wa filamu hawakuacha kudai kazi ya Donner, hata ikatolewa mwaka 2006. Niliitazama peke yangu. Kaka alikwisha kufariki. Brando alipotokea kuzungumza na mwanawe, nilisimamisha mkanda, nikageukia kiti chake.