Upana wa reli na gharama za mizigo

Afrika Mashariki ina reli za upana wa aina tatu, na behewa la upana mmoja haliwezi kupita kwenye reli ya upana mwingine. Reli ya Kati ya zamani ya Tanzania, pamoja na ile ya zamani ya Kenya na Uganda, zina milimita 1,000. TAZARA, iliyokabidhiwa mwaka 1976, ina milimita 1,067, sawa na reli za Zambia na Zimbabwe. Reli mpya za kisasa (SGR) za Kenya na Tanzania zina milimita 1,435.

Kwa mfanyabiashara, tofauti hiyo maana yake ni kufaulisha mizigo. Kidatu, ambako TAZARA inakutana na tawi la Reli ya Kati kutoka Kilosa, kilijengwa kituo kwa kazi hiyo. SGR ya Kenya ilifika Nairobi mwaka 2017 na Naivasha mwaka 2019. Kutoka hapo mzigo wa Uganda huhamishiwa kwenye treni ya reli ya zamani au kwenye lori.

Kila ufaulishaji huongeza muda, gharama za kupakua na kupakia, na hatari ya mzigo kuharibika. Kwa hiyo, nchi jirani zikijenga reli za upana mmoja bila kuziunganisha mpakani, faida hubaki nusu.

Kabla ya kusaini mkataba wa usafirishaji, uliza mzigo utafaulishwa wapi, nani atalipia, na kama bima inahusu hasara ya hapo.