Habari za Muhogo Mchungu katika Nchi za Masasi na Newala

Muhogo si mmea wa asili ya nchi hizi. Kwao ni Amerika, na Wareno ndio walioleta Afrika katika karne ya 16. Wakulima wengi hupenda ule mchungu kuliko mtamu, wala si kwa ujinga: nguruwe hawauchimbi sana, na mwizi hawezi kuula ungali mbichi. Uchungu huo waandamana na kitu kiitwacho linamarini, ambacho mzizi ukikatwa au kupondwa hugeuka, kikatoa sianidi, sumu iuayo.

Penye maji mengi, mihogo hulowekwa siku kadhaa, na sumu hutoka. Bali juu ya Umakonde hakuna mito. Mchanga hunywa mvua yote, na tangu zamani wanawake waliteremka mabondeni kuteka. Nani aliyepanda mlima na mtungi kichwani atayamwaga maji yake juu ya mihogo? Ndiyo maana wenyeji walishika desturi ya makopa, yaani kumenya, kukata na kuanika juani majuma kadhaa. Njia hii hupunguza sumu, haiimalizi, nayo yataka subira ambayo mwenye njaa hana.

Mwaka 1988, wakati wa ukame, watu wa upande wa Masasi waliponda mihogo mibichi wakaianika kwa muda mfupi tu, wakapata unga uitwao chinyanya. Waliokula waliugua, wakatapika na kushikwa na kizunguzungu. Tena, katika miaka ya 2001 hadi 2003, mkoani Mtwara ulitokea ugonjwa wa konzo. Neno hili ni la Kiyaka, lugha ya Kongo, na maana yake ni miguu iliyofungwa. Daktari Trolli aliliandika mwaka 1938. Huko Nampula, Msumbiji, katika nchi ya Wamakua, watu zaidi ya 1,000 walipatwa mwaka 1981, nao waliuita mantakassa. Jina la Kiyaka lasema kweli: miguu hukakamaa ghafula, hasa ya watoto na wanawake, wala hairudi kuwa kama kwanza. Mwili waweza kuishinda sianidi kidogo ukipata samaki, nyama au kunde. Alaye muhogo mtupu hana ngao. Basi mwalimu aambiwaye kwamba mtoto amerogwa miguu, na aulize kwanza nyumbani kwao wamekula nini.

Mtaalamu Bradbury wa Australia alionyesha njia isiyotaka maji mengi, ikatumiwa Mtwara pia. Unga huloweshwa, hutandazwa mwembamba juu ya mkeka, hukaa saa 2 juani au saa 5 kivulini, na sumu huruka hewani. Kisha husongwa ugali siku ile ile.