Kodi Iliyochagua Magari: Kutoka Safari Rally hadi Barabara za Mbarara

Gari lenye nguvu limetozwa kodi kubwa karibu tangu magari yaanze kuuzwa. Kila serikali ililiona kuwa ni anasa, na mwenye anasa hakosi cha kulipa. Kinachotofautiana ni kipimo. Nchi moja hupima ukubwa wa injini kwa cc, nyingine hupima bei, nyingine umri, na nyingine huanza kwa kuuliza usukani uko upande gani. Kipimo hicho, ambacho huandikwa na maofisa wasiojali sana mambo ya spidi, ndicho hatimaye huamua gari ambalo vijana wa nchi hiyo watalisifia.

Katika wilaya ya Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda, vipimo hivyo vinakaribiana kuliko sehemu nyingi. Rwekubo iko katika eneo linalounganisha jiji la Mbarara na makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Upande wa kusini kuna Mto Kagera, na ng'ambo yake ni Tanzania. Rwanda nayo haiko mbali. Nakivale, iliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa wakimbizi kutoka Rwanda, leo ina watu kutoka Kongo, Burundi, Rwanda, Somalia na kwingineko. Wengi wao walizoea barabara ambako magari hupita kulia, kisha wakaja kuishi ambako hupita kushoto.

Chanzo cha vipimo hivi vya kodi kiko Ulaya. Kuanzia mwaka 1921 Uingereza ilitoza pauni moja kwa mwaka kwa kila nguvu-farasi ya gari. Nguvu hiyo haikupimwa kwa mashine. Ilikokotolewa kwa kanuni ya mwaka 1910 iliyohesabu idadi ya silinda na upana wake tu. Urefu wa mwendo wa pistoni haukuhesabiwa. Wahandisi walielewa upesi. Wakatengeneza injini zenye silinda nyembamba na ndefu, ambazo kodi yake ilikuwa ndogo lakini zilichoka haraka kwenye mwendo wa kasi. Kodi hiyo ilipofutwa mwishoni mwa miaka ya 1940, Uingereza ilikuwa imekwisha kulea kizazi kizima cha magari madogo ya aina ya Austin Seven. Kulikuwa pia na kodi ya ununuzi, iliyotozwa kwa gari zima lakini si kwa vipuri. Ndiyo maana kampuni ya Lotus iliuza gari lake la Seven likiwa vipande ndani ya masanduku, mnunuzi akalifunge mwenyewe nyumbani.

Ufaransa ilifuata njia yake. Mwaka 1956 iliweka kodi ya kila mwaka kwa magari, na yale yaliyozidi nguvu-farasi 16 za kikodi yakabebeshwa mzigo wa pekee. Italia nayo ilitoza VAT ya asilimia 38 kwa magari ya zaidi ya cc 2000, karibu mara mbili ya magari mengine. Ferrari, kampuni ambayo sifa yake yote ni injini kubwa, ikalazimika kuwatengenezea Waitalia gari la 208 lenye cc 1991. Lilikuwa na sura ya Ferrari na pumzi fupi, mpaka mwaka 1982 lilipofungwa turbo. Turbo husukuma hewa zaidi ndani ya silinda zilezile. Nguvu hupanda na cc hubaki palepale. Mkaguzi wa kodi hana cha kuongeza.

Afrika Mashariki mbio za magari zilianza na hesabu tofauti. Mashindano ya Coronation Safari ya mwaka 1953, ambayo baadaye yaliitwa Safari Rally, yaliyoandaliwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Magari hayakugawanywa kwa ukubwa wa injini kama ilivyokuwa desturi ya Ulaya, bali kwa bei yake dukani. Wazo hilo lilikuwa na maana: mnunuzi wa Kampala au Nairobi alitaka kujua gari lipi la fedha zake lingestahimili tope na vumbi. Kwa hiyo heshima haikwenda kwa gari la kasi peke yake. Ilikwenda kwa gari lililofika. Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, kisha mara tatu mfululizo kuanzia 1966 hadi 1968, na kwa miaka mingi baadaye Peugeot ndiyo ilikuwa teksi na gari la bwana mkubwa kote katika ukanda huu.

Kutoka Uganda, jina kubwa la enzi hizo ni Shekhar Mehta. Alizaliwa Uganda, akaondoka mwaka 1972 Idi Amin alipowafukuza Waasia, na mwaka uliofuata akashinda Safari kwa Datsun 240Z, akiwa sasa Kenya. Alishinda tena mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982. Kufukuzwa kwa Waasia kuliondoa sehemu kubwa ya wauzaji wa magari na vipuri. Uchumi wa magendo uliofuata ulifanya gari jipya liwe la serikali, la jeshi, au la aliyekuwa karibu nao.

Amin mwenyewe alipenda magari. Wakati wa mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika jijini Kampala mwaka 1975, aliendesha Citroën SM katika mashindano ya magari. Gari hilo lilikuwa na injini ya Maserati ya silinda sita, cc 2670. Ukubwa huo haukuja kwa bahati: Citroën walitaka gari libaki chini ya kiwango ambacho serikali ya Ufaransa ingelitoza kodi ya magari ya anasa. Basi hata rais aliyetawala kwa amri zake mwenyewe, asiyelipa ushuru kwa mtu, alikuwa akiendesha injini iliyokatwa kimo na maofisa wa kodi wa Paris.

Mabadiliko makubwa zaidi, hata hivyo, yalitoka Japani. Huko gari lilipangwa katika madaraja ya namba. Lisilozidi cc 2000, urefu wa mita 4.7 na upana wa mita 1.7 lilikuwa daraja la kawaida. Likizidi kimojawapo, lilihesabiwa kubwa, na kodi yake ya kila mwaka kabla ya mageuzi ya mwaka 1989 ilikuwa zaidi ya maradufu. Chini kabisa kulikuwa na vigari vya kei, ambavyo tangu mwaka 1990 haviruhusiwi kuzidi cc 660. Kimoja cha aina hiyo, Subaru Vivio, kililetwa kwenye Safari Rally ya mwaka 1993, na Mkenya Patrick Njiru akakifikisha mwisho katika njia ambazo ziliwaangusha wenye magari makubwa.

Ndani ya mipaka hiyo ndipo lilipozaliwa gari ambalo vijana wa Nairobi, Kampala na Mbarara wangelipenda kuliko yote. Subaru Impreza WRX ilitoka mwaka 1992 ikiwa na injini ya cc 1994, upana wa chini ya mita 1.7, turbo, na nguvu kwa magurudumu yote manne. Kanuni za mbio za dunia zilichangia, lakini mfuko wa mnunuzi wa Kijapani ulichangia pia. Marekani, ambako hakuna kodi ya cc ya namna hiyo, Subaru waliuza toleo la cc 2457. Japani kwa sehemu kubwa walibaki na lita mbili. Colin McRae aliposhinda Safari kwa Impreza mwaka 1997, na Richard Burns mwaka 2000, tangazo lilikuwa limekamilika. Kati ya ushindi huo wa mara mbili, mwaka 1999, Mganda Charles Muhangi alitwaa ubingwa wa Afrika wa mbio za magari.

Magari hayo yalifika Uganda kwa mlango wa mitumba. Serikali ililegeza udhibiti wa fedha za kigeni kuanzia mwaka 1990, Mamlaka ya Mapato ikaundwa 1991, na VAT ikaanza Julai 1996. Japani nayo ilikuwa na ukaguzi wa lazima wa magari, wenye gharama kubwa, unaomfanya mwenye gari aliuze mapema. Gari lililokuwa mzigo Osaka likawa fahari Mbarara. Usukani wake wa kulia ulifaa barabara za Uganda, Kenya na Tanzania bila kubadilishwa chochote.

Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulipoanza kazi mwaka 2005, nchi hizi zilikubaliana kutoza gari la nje ushuru wa asilimia 25. Makubaliano yaliishia hapo. Kila nchi ilibaki huru kuongeza kodi zake za ndani, na hapo ndipo njia zilipoachana.

Tanzania ilichagua cc: gari lisilozidi cc 1000 halikutozwa ushuru wa bidhaa, hadi cc 2000 likatozwa asilimia 5, na zaidi ya hapo asilimia 10. Magari yaliyozidi miaka minane yakaongezewa ushuru wa uchakavu, lakini hayakuzuiwa. Matokeo yanaonekana hadi ng'ambo ya Kagera, Murongo: Vitz ya cc 997, IST ya cc 1298, na kwa anayetaka kuonekana, Mark II yenye injini ya cc 1988. Mwenye Mark II ya cc 2491 yenye turbo ni mtu wa aina yake.

Kenya iliweka ukuta wa umri. Gari lililozidi miaka minane haliingii. Juu yake, tangu mwaka 2019, ushuru wa bidhaa ukawa asilimia 20 kwa injini zisizozidi cc 1500, asilimia 25 kwa zilizozidi, na asilimia 35 kwa petroli ya zaidi ya cc 3000 au dizeli ya zaidi ya cc 2500. Fielder na Axio za cc 1496 zikapata soko ambalo hakuna tangazo lingelinunua. Nayo Forester ya lita mbili yenye turbo ikakaa daraja la kati, pamoja na magari ya kifamilia yasiyo na haraka. Rwanda iliweka madaraja yake ya asilimia 5, 10 na 15 kwa cc 1500 na 2500, lakini kizuizi chake kikubwa ni usukani. Kwa kuwa magari hupita kulia, mtumba wa moja kwa moja kutoka Japani hauna nafasi, na hii ni sababu moja ya ushabiki wa Subaru kuwa mwepesi Kigali kuliko Kampala.

Uganda iliangalia zaidi thamani na umri. Tozo ya mazingira kwa magari ya zamani ilipanda hadi asilimia 20, kisha mwaka 2015 ikawa asilimia 35 kwa gari dogo la miaka 5 hadi 10, na asilimia 50 kwa lililozidi miaka 10. Hesabu ya gari moja kwa viwango hivyo inatosha kuonyesha uzito wake. Gari la miaka 12 ambalo thamani yake pamoja na bima na nauli hadi bandarini ilikuwa shilingi milioni 10 lilitozwa ushuru wa forodha milioni 2.5. VAT ya asilimia 18 juu ya jumla hiyo ilikuwa milioni 2.25. Kodi ya zuio ya asilimia 6 ilikuwa laki 6, na tozo ya miundombinu ya asilimia 1.5 ilikuwa laki moja na nusu. Tozo ya mazingira peke yake ilikuwa milioni 5. Jumla ilikuwa milioni 10.5, yaani kodi ililipita gari lenyewe, kabla ya usajili na faida ya muuzaji.

Hesabu hiyo haikuuliza cc. Premio ya kifamilia na Impreza ya mbio, zikiwa na thamani na umri sawa, zililipa sawa. Kwa muda mrefu ndivyo kijana wa Mbarara mwenye biashara ya ndizi au ng'ombe alivyoweza kufikia gari la turbo ambalo mwenzake wa Nairobi alizuiwa na umri. Mlango ulibanwa mwaka 2018, sheria ya usalama barabarani iliporekebishwa kuzuia uingizaji wa magari ya miaka 15 au zaidi. Impreza zote za kizazi cha kwanza zikawa nje ya mlango. Zilizokwisha kuingia ziliachwa, na tangu hapo huhama mkono kwa mkono, zikihuishwa na mafundi kwa vipuri vya soko la Kisekka, Kampala. Baadhi huishia kwenye duru ya Mbarara ya mbio za taifa, katika barabara za vumbi, ambako watazamaji hujipanga kwenye kona na kumtambua dereva kwa mlio kabla gari halijatokea.

Huko Rwekubo na Nakivale, anayebeba watu na mizigo zaidi ni boda boda, na magari ya abiria huchaguliwa kwa uimara na ulaji wa mafuta. Lakini stadi za fundi ni zilezile. Aliyejifunza turbo kwenye Subaru huikuta kwenye Hiace ya dizeli.

Mfumo wa cc sasa umefikia gari lisilo na cc. Gari la umeme halina silinda, na linaweza kuondoka kwa kasi kuliko Impreza yoyote. Kenya ililiwekea ushuru wa bidhaa wa asilimia 10, chini kuliko kigari cha cc 1000. Rwanda mwaka 2021 iliyasamehe magari ya umeme ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa na VAT. Uganda, ambako wahandisi wa Makerere walizindua Kiira EV mwaka 2011, bado ina kipimo chake cha umri, ambacho kwa gari la umeme hugusa kitu kingine kabisa: betri iliyochoka.