Mizani ya Transi

Neno transi asili yake ni Kilatini, na maana yake ya mwanzo ni kuvuka: kutoka upande huu kwenda upande wa pili. Mtu wa pwani hahitaji kufasiriwa sana. Unguja, Pemba na Mombasa wamekuwapo tangu na tangu wapandwao na pepo zinapopigwa ngoma za uganga, na wapo washikwao na jazba katikati ya zikri, pumzi zao zikawa ndizo ngoma. Katika hali zote hizo lipo jambo moja lisilokosekana, nalo ni mdundo usiobadilika, unaorudiwa mpaka nafsi ichoke kuuhesabu. Vijana wa Ujerumani waliouita muziki wao kwa jina hilo mwanzoni mwa miaka ya 1990 hawakuyachukua hayo Afrika. Waliyakuta katika mitambo yao wenyewe, na habari ya namna walivyoyakuta yastahili kusimuliwa kwa wapenzi wa ushairi, kwa kuwa kwa sehemu kubwa ni habari ya mizani.

Mwaka 1977, mjini Munich, Mtaliana Giorgio Moroder pamoja na Pete Bellotte walimtengenezea mwimbaji wa Kimarekani Donna Summer wimbo "I Feel Love". Ukiondoa sauti ya mwimbaji mwenyewe na pigo la ngoma ya mguu, karibu kila kinachosikika humo kilitoka katika sinthesaiza ya Moog. Kazi ilikuwa ya taabu: chombo kile kilikuwa kikipoteza ulinganifu wa sauti kila baada ya muda mfupi, ikabidi kirekodiwe vipande vipande, kama mtu aandikaye kwa kalamu inayokauka wino kila mshororo.

Tatizo jingine lilikuwa lugha. Kila kiwanda kilitengeneza vyombo visivyosemezana na vya kiwanda kingine, mpaka mwaka 1983 ulipotoka mkataba wa pamoja uitwao MIDI, uliosimamiwa na Dave Smith wa Marekani na Ikutaro Kakehashi wa Japani. Inafaa ifahamike vizuri MIDI ni nini, kwani wengi hudhani ni sauti iliyohifadhiwa. Sivyo. MIDI ni maandishi tu: noti gani ipigwe, lini, na kwa nguvu kiasi gani katika daraja 128, kuanzia 0 hadi 127. Mfano wake ni utenzi ulioandikwa kwa khati ya Kiarabu ukakaa sandukuni. Karatasi haina sauti; sauti ataitia mghani atakayeufungua. Kwa sababu hiyo kompyuta dhaifu za zama zile ziliimudu kazi. Atari ST, iliyotoka mwaka 1985 ikiwa na matundu ya MIDI, iliweza kuongoza sinthesaiza nyingi kwa wakati mmoja, ilhali toleo lake la 1040ST lilikuwa na kumbukumbu ya megabaiti 1 tu.

Mwaka 1989 kampuni ya Steinberg ya Hamburg ilitoa programu ya Cubase kwa ajili ya kompyuta hiyo. Lililoifanya kuwa mwanzo wa zama mpya ni kioo chake. Wakati ulilazwa kutoka kushoto kwenda kulia, na vyombo vikapangwa kimoja chini ya kingine: ngoma, chini yake besi, chini yake kinanda. Kila kipande cha muziki kilionekana kama tofali, likawa laweza kushikwa, kunakiliwa, kuhamishwa na kufutwa. Karibu kila programu ya muziki iliyofuata imeiga sura hiyo. Mtunzi aliyekuwa akisikia wimbo wake kwa sikio tu, sasa aliuona wote kwa mara moja, kama mshairi aonavyo beti zake zote juu ya ukurasa.

Hapo ndipo hesabu ilipoanza kutawala. Transi huenda kwa kasi ya mapigo 130 hadi 140 kwa dakika, na kila mapigo manne hufanya kipimo kimoja. Vipimo vinane hufanya fungu, na mafungu manne hufanya sehemu kamili ya vipimo 32. Msomaji wa tenzi atakuwa amekwisha kuvutwa na hesabu hii, kwani mshororo wa utenzi una mizani nane, na mishororo minne ya ubeti ina mizani 32. Ni sadfa, wala haifai kuutafutia udugu usiokuwapo. Lakini ni sadfa yenye kufundisha kitu. Katika utenzi, mishororo mitatu ya mwanzo huafikiana kina, na wa nne huja na kina chake cha bahari kiunganishacho ubeti na ubeti. Katika transi, mafungu matatu hupita kwa utulivu, na mwisho wa la nne hutiwa ishara, mathalani kishindo cha upatu au mdundo wa ziada, msikilizaji akajua bila kuambiwa kwamba mlango unafunguka. Wimbo wa vipimo 240 kwa kasi ya mapigo 138 huchukua karibu dakika saba, na kila sekunde 56 hivi sehemu moja ya vipimo 32 hukamilika. Mchezaji hahesabu. Mwili wake ndio uhesabuo.

Mpango wenyewe una adabu zake. Mwanzo huwa ngoma tupu, si kwa uvivu wa mtunzi, bali kwa kuwa DJ huhitaji nafasi ya kuuunga wimbo huu na uliotangulia pasi na kukata mdundo. Na mwisho hurejea kwenye ngoma tupu kwa sababu hiyohiyo. Halafu besi huingia, na besi hiyo huinamishwa kila ngoma inapopiga, kisha ikainuka, muziki wote ukawa kama kifua kinachopumua. Vinubi na vinanda huongezwa kimoja kimoja, na kichujio cha sauti hufunguliwa polepole, kama dirisha linaloingiza mwanga kidogo kidogo. Kisha, katikati ya wimbo, hutendeka jambo ambalo ndilo roho ya fani hii: ngoma huondolewa. Besi nayo huondoka. Hubaki uzi wa sauti na lahani peke yake, na watu waliokuwa wakicheza husimama wakainua nyuso. Lahani ikishakaa moyoni, ngoma ndogo huanza kupigwa mara moja kwa kila pigo, kisha mara mbili, kisha mara nne. Vyote hunyamaza kwa nukta moja, na ngoma kubwa hurudi. Wapo wanaodhani utamu umo katika kurudi huko. La kweli zaidi ni kwamba umo katika kule kukosekana, na mtunzi asiyethubutu kuiondoa ngoma yake hana cha kuirudisha.

Frankfurt na Berlin ndiyo miji iliyoyapa haya umbo. Mwaka 1992 Jam & Spoon wa Frankfurt waliutengeneza upya wimbo "Age of Love", na wengi huhesabu toleo hilo kuwa mlango wa fani; mmoja wao, Rolf Ellmer, alikuwa na elimu ya muziki wa kale wa Ulaya, na hilo lasikika. Berlin alikuwapo Paul van Dyk, aliyekulia Ujerumani Mashariki akisikiliza redio za upande wa pili wa Ukuta, ambaye wimbo wake "For an Angel" ulitoka kwa mara ya kwanza mwaka 1994.

Lakini aliyeufikisha muziki huu majumbani alikuwa Roberto Concina, ajulikanaye kwa jina la Robert Miles, aliyezaliwa Uswisi mwaka 1969 kwa wazazi wa Kiitalia. Wimbo wake "Children" ulitoka mwaka 1995, na chimbuko lake lilikuwa na sura mbili. Ya kwanza ni picha za watoto walioathiriwa na vita, alizorudi nazo baba yake kutoka iliyokuwa Yugoslavia, alikokwenda kwa kazi ya misaada. Ya pili ilikuwa msiba wa Italia yenyewe. Kila mwisho wa juma vijana walitoka vilabuni alfajiri, damu ikichemka kwa muziki wa kasi na wengine kwa ulevi, wakashika usukani na kufa barabarani. Watu waliuita msiba huo mauaji ya Jumamosi usiku, na kina mama walijikusanya kudai vilabu vifungwe mapema. Miles, aliyekuwa DJ, alitaka wimbo wa kufungia usiku, utakaozituliza nafsi kabla hazijafika kwenye magari.

Alichokifanya kwa mitambo ileile ya wenzake ni kubadili uzito wa sehemu. Ngoma aliibakisha, lakini akaitanguliza lahani ya kinanda yenye noti chache, zenye mwangwi mrefu, akaifanya ndiyo mwenye nyumba na ngoma mgeni wake. Wimbo ulishika nafasi ya kwanza katika nchi zaidi ya kumi, na mwaka 1997 akapewa tuzo ya Brit ya Uingereza kwa msanii mpya wa kigeni. Wanaosema kwamba muziki wa kompyuta hauna moyo wana haki ya kuulizwa ni wimbo gani mwingine wa dansi wa miaka ile uliotungwa ili kijana afike nyumbani salama.

Yaliyofuata yalikwenda mbio. Mwaka 1996 Roland ilitoa sinthesaiza ya JP-8000 yenye sauti iitwayo Super Saw, ambamo mawimbi saba yanayopishana kidogo tu husikika kama kundi zima la watu. Sauti hiyo ikawa nembo ya transi, na baadaye balaa lake, maana ilipaza kila lahani, hata isiyostahili. Mwaka huohuo toleo jipya la Cubase liliiweka studio ndani ya kompyuta, sauti na mapambo yake, na kufikia 1999 hata sinthesaiza zilikuwa programu. Mwishoni mwa 1997 Image-Line ya Ubelgiji ikatoa FruityLoops, iliyoitwa FL Studio tangu 2003, na kijana mwenye kompyuta moja chumbani akapata kile ambacho Moroder alihitaji jumba kukipata.

Tarehe 13 Agosti 2004, katika ufunguzi wa Michezo ya Olimpiki mjini Athens, Mholanzi Tiësto alipiga muziki huo huku wanariadha wa mataifa wakiingia uwanjani, wa Kenya na Tanzania wakiwemo. Ulikuwa mkubwa, wenye fahari, na wa kasi.

Robert Miles alifariki Ibiza mwezi Mei 2017, akiwa na umri wa miaka 47. Alikuwa ameiacha transi miaka mingi kabla. Albamu yake ya mwaka 2001, Organik, haikuwa na mdundo ule wala kinanda kile, na waliokwenda kuinunua wakitafuta "Children" ya pili hawakuikuta humo.