Mkebe wa bibi

Nilipoacha chuo mwaka wa pili, karo imenishinda, nilirudi Ngomeni na begi moja na noti za historia ambazo hakuna aliyezihitaji. Kazi niliyopewa ilikuwa ya jikoni. Bibi ana vidonda vya tumbo, daktari amemkataza pilipili, naye akagoma kula. Ati chakula bila pilipili ni cha wagonjwa. Si ndiye mgonjwa mwenyewe? Lakini nani atamwambia.

Nikatafuta kwenye simu mapishi ya kuku ya Kihindi, nikaaga kwamba naenda Malindi kununua viungo. Bibi akanisukumia mkebe wake wa zamani wa maziwa ya unga. Bizari nyembamba, manjano, iliki, mdalasini, karafuu, kungumanga: vyote vimo.

“Hiki ndicho Kihindi?” akauliza. “Huu si mchuzi tu?”

Hapo nikazikumbuka noti zangu. Vasco da Gama alitia nanga Malindi Aprili 1498. Shajara ya safari yake inasema mfalme wa Malindi alimpelekea kondoo sita, pamoja na karafuu, bizari nyembamba, tangawizi, kungumanga na pilipili manga. Bandarini kulikuwa na vyombo vya Wahindi pia. Wareno waliwadhania Wakristo, wenyewe wakasema hawali nyama ya ng'ombe. Yaani mtu ametoka Lisbon kufuata viungo vya India, akavipata kwa zawadi hapa kwetu, kabla hajavuka kwenda Calicut. Chuoni tuliusoma ukurasa huo kama habari za mabaharia. Mimi sasa niliuona ni mkebe wa bibi.

Ila pilipili kali haimo, na isingeweza kuwemo. Asili yake ni bara la Amerika. Upande wetu huu wa dunia hakuna aliyeijua kabla ya safari ya Columbus ya 1492. Wareno ndio walioifikisha India. Hapa Ngomeni kuna meli inayoaminika kuwa ya Wareno wa zama hizo, imelala chini ya maji, na wapiga mbizi wametoa humo shaba na pembe za ndovu. Kwa hiyo hicho tunachokiita roho ya mchuzi, India na huku, ni mgeni. Tena mgeni aliyepora jina: “pilipili” ni neno lenye asili ya Bara Hindi, la ile nyeusi ya mviringo. Leo ukisema pilipili tu, watu wanaelewa ile kali, na mwenye jina lake anaitwa “manga” ili atambulike.

Basi nikapika kwa orodha ya 1498. Bizari nyembamba kwenye mafuta mpaka inukie, kitunguu mpaka kiwe hudhurungi, thomu, tangawizi, manjano, halafu kuku. Nyanya nazo zimetoka Amerika, nikaziacha, nikatia mtindi. Pilipili manga chembe mbili tatu, kwa ajili ya tumbo. Mwisho tui la nazi, maana mtu asijisahau yuko wapi.

Bibi alinisikiliza hadithi yote huku akionja.

“Kumbe vidonda hivi kaniletea Mreno,” akasema.

Akala sahani nzima, ya kwanza wiki ile. Kisha akataka kujua hiyo shajara inasema wale kondoo sita walipikwaje. Haisemi.